Tezi, Omo na Ngama: Somo la Usingizi wa Melini

Miezi ya kaskazi ifikapo, meli za kitalii huanza kuingia Kilindini. Wakazi wa Likoni wanaongoja kuvuka huziona zikipita mlangoni mwa bandari, nyeupe, ndefu, zenye ghorofa nyingi kuliko majengo mengi ya mjini, na feri hulazimika kusubiri hadi zipite. Watu huulizana imetoka nchi gani, imechukua watalii wangapi, na je, watashuka kununua vinyago au watapelekwa moja kwa moja mbugani. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo abiria wengi wa meli hiyo walijiuliza kabla ya kutoa fedha zao: ni chumba kipi kitakachoniwezesha kulala?

Nakusudia kulijibu swali hilo hapa, na kulijibu kwa Kiswahili cha mabaharia wetu. Rai yangu ni kwamba jibu lake limo tayari katika lugha tunayoifundisha, hasa katika methali moja ambayo wanafunzi huikariri kila mwaka bila kuonyeshwa chombo inachokizungumzia. Anayejua tezi, omo na ngama ni nini anajua pa kulala melini. Mwalimu anayeifundisha methali hiyo bila kuchora chombo ubaoni humnyima mwanafunzi lugha na maarifa kwa pamoja.

Huenda msomaji akaniambia kwamba vyumba vya meli za anasa ni jambo la matajiri wa Ulaya na Marekani, na kwamba mwanafunzi wa Kisauni au Changamwe hana haja nalo. Sikubaliani naye. Vijana wa pwani yetu wanatafuta kazi katika meli hizo, za upishi, za uhudumu na za ubaharia, na Mombasa ina chuo cha Bandari Maritime Academy kinachowaandaa kwa kazi za baharini. Kijana apataye kazi hiyo hulala melini miezi kadhaa mfululizo. Katika Ziwa Viktoria nako, wasafiri wa kawaida kabisa, wachuuzi, walimu na wanafunzi, wamezoea kwa miongo mingi safari za usiku baina ya Bukoba na Mwanza. Usingizi wa melini ni haja ya watu wengi.

Tuanze na mwendo wenyewe. Chombo kikiwa baharini husukwasukwa kwa namna mbili kuu. Ya kwanza ni kuyumba upande kwa upande, ubavu huu ukizama na ule ukiinuka. Mwendo huu una jina lake katika Kiswahili, nalo ni mrama. Wanafunzi wengi wanalijua neno hili kwa maana yake ya kuazima tu. Wataandika katika insha kwamba mipango ya serikali imekwenda mrama, au watanukuu kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, nao wakidhani kuwa maana yake ni kuharibika basi. Maana ya asili ni ule mwendo wa chombo kinachoyumba, ambao humpindua abiria kitandani na kumtia kigegezi. Namna ya pili ni ya mbele na nyuma: wimbi likiingia chini ya ncha ya mbele, ambayo ndiyo omo, ncha hiyo huinuka na ile ya nyuma, ambayo ndiyo tezi, huzama, wimbi likisonga, mambo hugeuka.

Ili kuelewa ni wapi mwendo huu humchosha mtu zaidi, hatuhitaji maabara. Laza ubao juu ya gogo, uwaketishe watoto wawili kwenye ncha zake. Wote wawili watapanda na kushuka, lakini mtoto wa tatu akikaa katikati, pale juu ya gogo, atainamishwa kidogo tu. Chombo nacho ni hivyo hivyo. Aliyelala omo au tezi hupandishwa na kuteremshwa usiku kucha, ilhali aliyelala katikati hubaki karibu pale pale. Kwa habari ya mrama, utazame mnazi unaopigwa na kusi. Kilele chake huenda huku na huku kwa upana mkubwa, hali shina lake limetulia. Chumba kilicho kwenye sitaha ya juu kabisa ni kama kuti la kileleni. Kilicho chini, karibu na usawa wa maji, ni kama shina. Tukiyaunganisha hayo mawili tunapata kanuni moja: palipo na utulivu melini ni katikati na chini.

Sasa tuirejee methali: uendapo tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambako maji yanayopenya baina ya mbao hukusanyika, na ndiko mabaharia huyafua na kuyamwaga nje. Maji hayo hukimbilia tezi chombo kinapoinuka omo, hukimbilia omo chombo kinapoinuka tezi, lakini mwisho wake hurudi mahali pake pa chini. Aliyeitunga methali aliona kwa macho yake kwamba ncha mbili za chombo ni mahali pa misukosuko, na kwamba kuna mahali pa chini ambako kila kitu hutulia. Kisha akayahamisha maarifa hayo kwa binadamu: tembea utakako, mwisho utarudi kwenu.

Sitaki kuitwisha methali mzigo isioubeba. Haikutungwa kumwelekeza mtu kitandani, na hakuna baharia ambaye angelala ngamani penyewe, kwenye maji machafu na harufu. Ninachosema ni kwamba kanuni ya mizani iliyomo ndani yake ndiyo ile ile ambayo wakala wa safari humweleza mteja wake leo. Aliyeielewa methali kwa undani hana haja ya wakala kumfafanulia. Aliyeikariri tu atasimama mbele ya ramani ya meli kama asiyewahi kuishi kando ya bahari.

Meli za leo, ni kweli, zina mapezi yanayotokezwa ubavuni chini ya maji ili kupunguza mrama, na nyingi ni kubwa mno hata mawimbi madogo hayazishughulishi. Hata hivyo mapezi hayo hayasaidii sana dhidi ya ule mwendo wa omo na tezi. Bahari ikichafuka, kanuni ya ngama husimama pale pale.

Utulivu peke yake hautoshi, kwa sababu chombo cha injini kina adui mwingine wa usingizi ambaye jahazi halikuwa naye, nao ni kelele. Aliyelala tezi, chini, husikia mtetemo wa rafadha inayosukuma maji. Aliyelala omo, chini, ataamshwa alfajiri meli inapoingia bandarini, mnyororo wa nanga unapoteremshwa au mitambo ya kuigeuza meli inapowashwa. Chumba kilicho chini ya ukumbi wa dansi, chini ya jiko, au chini ya bwawa la kuogelea ambapo viti huburutwa tangu asubuhi, si cha kulalia. Vivyo hivyo kilicho karibu na ngazi na lifti, au chenye mlango wa kupitia chumba cha jirani, maana mlango hauzuii sauti kama ukuta. Basi aichukue ramani ya meli, atafute chumba cha katikati ambacho juu yake kuna vyumba na chini yake kuna vyumba, kwa kuwa jirani aliyelala hana makelele. Akipata hicho, atalala kama pono.

Ziko pia habari za mwanga. Chumba cha ndani kisicho na dirisha huwa na giza totoro, na giza ni rafiki wa usingizi. Ila mlalaji huweza kupoteza hesabu ya saa, asijue kumekucha au bado. Mwenye kutaka dirisha na aangalie meli inaelekea wapi. Anayetoka Mombasa kwenda Unguja, uso kusini, jua la asubuhi litamwingilia kwa dirisha la kushoto. Akipenda kulala hadi saa mbili, na achague kulia.

Hapa pana jambo linalotufurahisha sisi tunaosoma lugha. Waingereza wana neno posh, lenye maana ya kitu cha kifahari, na wengi wao hupenda kusimulia kwamba limetokana na uchaguzi wa vyumba vya meli: ati matajiri waliosafiri kwenda India walichukua upande wa kushoto wakati wa kwenda na wa kulia wakati wa kurudi ili kulikwepa jua, na herufi za kwanza za maneno hayo zikapigwa chapa kwenye tikiti zao. Hadithi ni tamu, lakini hakuna ushahidi wake, na wataalamu wa kamusi hawaikubali. Naitaja ili walimu wawatahadharishe wanafunzi dhidi ya asili za maneno zinazobuniwa mitaani, ambazo hata Kiswahili chetu kimejaa.

Lakini hadithi hiyo inatufunulia tofauti ya kweli. Kushoto na kulia kwa meli ni pande zisizobadilika. Mabaharia wetu, pamoja na hizo, walikuwa na pande nyingine mbili zinazotajwa kwa kufuata upepo: joshi, ambao ni upande upepo unakotoka, na demani, ambao ni upande uliokingwa. Ubavu ule ule huwa joshi leo na demani kesho, kwa kutegemea msimu na njia. Abiria anayeyajua maneno haya mawili ana kipimo ambacho tikiti haikiandiki, kwa sababu upande wa joshi ndio upigwao na upepo na rasharasha za mawimbi, na upande wa demani ndio wenye shwari. Ni wanafunzi wangapi wa shule za Likoni, wanaovukia bahari kila siku, waliofunzwa joshi na demani?

Turudi kwenye vyumba, tuitazame historia, maana mahali mtu alipolala chomboni palitangaza hadhi yake. Katika majahazi makubwa yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, nahodha na wafanyabiashara walikuwa nyuma kwenye shetri, na abiria wa kawaida walijitafutia nafasi juu ya shehena. Mwandishi Alan Villiers, aliyesafiri katika jahazi la Kuwait lililokuja pwani yetu mwaka 1938 na 1939, alipata nafasi yake huko huko shetrini na akayaandika aliyoyaona. Meli za kampuni ya British India zilizokuja Mombasa kutoka Bombay hadi miaka ya 1970, zikiwamo Karanja na Kampala, zilikuwa na vyumba vya wenye uwezo, na zilikuwa na abiria wa sitahani waliotandika mikeka na kulala palipopatikana.

Ulaya mpangilio ulikuwa vingine, nao unaithibitisha methali yetu. Katika meli ya Titanic, iliyozama mwaka 1912, daraja la kwanza liliwekwa katikati ya meli, na abiria wa daraja la tatu wakagawanywa kwenye ncha mbili, omo na tezi. Matajiri wa enzi hiyo walilipia utulivu. Siku hizi bei hupangwa zaidi kwa kutazama mandhari: chumba cha juu chenye roshani ndicho cha ghali, na cha chini kisicho na dirisha ndicho cha rahisi. Matokeo yake ni kwamba abiria mwenye pesa chache, akichagua chumba cha chini katikati, huenda akalala vizuri kuliko tajiri aliye juu yake. Bei ya chumba haisemi lolote juu ya usingizi, na asiyejua chombo hulaghaiwa na bei.

Walimu watapenda kukumbuka pia meli ya Uganda. Ilijengwa Glasgow na kuanza kazi mwaka 1952, ikasafiri baina ya London na bandari zetu za Afrika Mashariki hadi mwaka 1967. Baada ya hapo iligeuzwa kuwa meli ya masomo. Palipokuwa na mizigo pakatengenezwa mabweni, na mamia ya wanafunzi wa Uingereza wakasafiri nayo na walimu wao, wakisoma jiografia na historia huku wakipita bandari zenyewe. Meli ile yenye jina la nchi jirani iliwafundisha watoto wa wenzetu kwamba chombo ni darasa. Sisi tulio na vyombo mlangoni bado tunafundisha bahari kwa kukariri.

Nimesema kwamba maarifa haya ni zaidi ya starehe, nami nieleze. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama karibu na Mwanza, baada ya safari ya usiku kutoka Bukoba. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Orodha ya abiria ilionyesha watu 443 katika madaraja ya kwanza na ya pili. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Maana yake ni kwamba aliyekuwa na chumba alikuwa na jina, na aliyelala palipopatikana hakuwa na jina hata baada ya kufa. Kabla ya kuuliza chumba kipi kina utulivu, basi, abiria na aulize kama jina lake limeandikwa. Akishaingia chumbani, kabla hajajinyosha, na ajue ngazi iko upande gani na jaketi la kujiokolea limewekwa wapi. Aidha na ajue farumi ni nini, yaani ule uzito unaowekwa chini ili chombo kisipinduke, kwa sababu anayeijua farumi huogopa kuona watu na mizigo ikirundikwa juu. Jamii isiyo na maneno ya kukisema chombo itapataje kumhoji nahodha?

Najua pingamizi litakalotolewa. Litasema majahazi yamekwisha, kwamba tezi na ngama ni maneno ya makumbusho, na kwamba neno kabini linatosha kwa mahitaji ya leo. Sina ugomvi na neno kabini. Lugha hai huazima, na Kiswahili kimeazima kwa kila aliyefika pwani hii. Hata hivyo kabini hututajia chumba tu. Haitwambii kiko sehemu gani ya chombo, kinaelekea upepo upi, wala kitayumba kiasi gani. Meli ya kisasa ingali na mbele na nyuma, ingali na upande wa upepo na upande wa shwari, na maneno yetu yanazitaja sehemu hizo barabara. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya msamiati wa watu wa hapa katika kamusi iliyochapishwa mwaka 1882. Charles Sacleux aliendeleza kazi ya namna hiyo katika kamusi yake ya mwaka 1939 na 1941, nayo ina hazina kubwa ya maneno ya ubaharia. Itakuwa aibu iwapo mjukuu wa baharia wa Mombasa atalazimika kwenda maktaba ya mbali kutafuta maneno ambayo babu yake aliyatumia kazini.

Nina mapendekezo matatu kwa walimu wenzangu, nayo hayahitaji fedha. La kwanza, methali za baharini zifundishwe kwa mchoro. Chora chombo ubaoni, andika omo, tezi, ngama, joshi na demani, kisha mwulize mwanafunzi angelala wapi na kwa nini. Akikujibu kwa hoja, ameielewa methali. La pili, katika somo la sajili tumezoea kutaja sajili ya hospitali, ya mahakama na ya michezo. Iongezwe sajili ya mabaharia, na shule zilizo karibu na Likoni, Mtongwe, Kisauni na Changamwe ziwatume wanafunzi kwa wazee waliofanya kazi katika vyombo wakaikusanye, kabla wazee hao hawajatutoka. La tatu, feri ya Likoni igeuzwe kuwa somo. Ina njia pande zote mbili. Magari huingia kwa ncha moja na kutokea kwa nyingine. Waulize wanafunzi: omo yake ni ipi, na tezi ni ipi? Je, irudipo, majina hayo yanabadilika? Wakibishana hadi feri ifike ng'ambo, mwalimu amefanya kazi yake.

Kwa upande wao, wanaoajiri na kuwafunza vijana wa melini wangefanya vyema kuwapa msamiati huu sambamba na Kiingereza cha kazi. Mhudumu anayeweza kumweleza mgeni kwa nini hakulala jana, na ni chumba gani cha kuomba safari ijayo, ana thamani kuliko yule awezaye kusema pole tu.

Meli nyingine itaingia Kilindini msimu ujao na feri itaingoja ipite. Wanafunzi watakaokuwa kwenye feri wakati huo na waweze kuinyooshea kidole na kuambiana, kwa Kiswahili, ni wapi ndani yake mtu atalala unono na ni wapi atakesha.